Ng'ombe Akivunjika Guu Hurudi Zizini, Kangomba Arudi Wapi?

Kwa wenye dhamana ya mifugo, afya na usafi wa mji wetu,
Mtwara.

YAH: MAOMBI YA KARATASI MOJA NA BANDA MOJA KWA AJILI YA MBWA ASIYE NA MWENYEWE

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani. Fremu yangu iko kwenye barabara ya kuelekea maghala ya korosho, upande wenye kivuli, na hivi ninavyoandika kuna mbwa amelala chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Mguu wake wa nyuma wa kulia umevunjika mfupa wa paja. Daktari wa kumpasua yupo, na atampasua Jumamosi asubuhi. Fedha ipo, dawa zipo. Kinachokosekana ni mahali pa kumlaza akishapasuliwa, na sababu ya kukosekana kwake ndiyo iliyonifanya niache kushona nishike kalamu. Nimeandika kwa mkono, mwanangu ndiye kachapa. Makosa ya herufi ni yake, makosa ya adabu ni yangu.

Mbwa mwenyewe anaitwa Kangomba. Jina alipewa na vijana wa kupakia magunia, na ninyi mnaojua mambo ya korosho mmeshacheka. Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa mlango wa nyuma, wa kupima kwa makopo, bila mnada wala stakabadhi. Huyu naye alikuwa anapita nyuma ya vibanda jioni, anajichukulia kichwa cha samaki hapa na ukoko wa ugali pale, bila risiti. Jina likamganda. Amekuwepo msimu wa tatu sasa. Ni jike, rangi ya udongo wa Newala, sikio moja limekatika zamani kabla hatujafahamiana.

Sitawadanganya kwamba aliwahi kuniokoa na jambazi. Hakuna jambazi aliyetokea. Ila kila pesa ya korosho ikianza kuingia watu ndipo wanaposhona, harusi zinafuatana, na mimi nafunga fremu saa tatu, saa nne usiku. Kuna kipande cha njia hakina taa. Kangomba alikuwa ananisindikiza kipande hicho, kisha anageuka kabla hatujafika kwa mwenye nyumba wangu, kana kwamba anajua kwamba kule hatakiwi. Basi ni hivyo tu. Mtu akikusindikiza misimu mitatu huwezi kumpita amelala mtaroni.

Aligongwa Jumatano ya wiki iliyopita, giza likiingia. Gari halikusimama. Simtafuti dereva, na ninaomba msinijibu kwa kunieleza habari za dereva.

Vijana wawili wa bodaboda ndio waliomtoa mtaroni. Walimlaza juu ya ubao wa kukatia kadi za harusi, nikamfunika kanga, maana nilisikia siku nyingi kwamba mnyama akifunikwa macho hutulia. Alitulia. Hakumng'ata mtu, na angeng'ata nisingemlaumu. Nikataka kumpa dawa. Nilikuwa nimeshasaga vidonge viwili vya diklofenaki kwenye uji, daktari wa mifugo akanikuta na kijiko mkononi. Akakimwaga. Akasema dawa za maumivu za binadamu, hizi tunazomeza kama karanga, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na kwamba ameshazika mbwa wengi zaidi waliouawa na huruma kuliko waliouawa na magari. Nimeliandika hapa kwa sababu wengine watasoma.

Kesho yake picha ya eksirei ilipatikana. Msiniulize ilipigwa wapi wala saa ngapi.

Sasa nivumilieni kidogo kwenye mambo ya mfupa, kwa sababu shauri lote liko humo. Nilidhani atafungwa plasta ngumu mambo yaishe. Daktari akanieleza kwamba plasta inafaa pale inapoweza kushika kiungo kilicho juu ya mvunjiko na kilicho chini yake. Paja la mbwa chini lina goti, sawa, lakini juu kuna nyonga, na nyonga huwezi kuifunga. Plasta ingening'inia tu kwenye mguu na kuuvuta zaidi. Nikamwelewa upesi: huwezi kupiga pindo kitambaa ambacho upande mmoja hakuna kilichokishika.

Kwa hiyo njia ni tatu. Ya kwanza, kupitisha chuma ndani ya mfupa, mguu ubaki. Ya pili, kuukata mguu. Ya tatu ni sindano ya kumlaza asiamke tena. Nilitegemea daktari aseme ipi inafaa kutokana na jeraha. Hakusema hivyo. Aliniuliza: "Una nyumba ya wiki ngapi?"

Nikamwambia sijaelewa. Akafafanua. Akiwekewa chuma, Kangomba anatakiwa akae mahali padogo palipofungwa wiki sita mpaka nane. Asikimbie, asiruke, asipande ngazi, atolewe kwa kamba kwenda haja tu, arudishwe. Akiachiwa wiki ya pili kwa sababu anaonekana mzima, chuma kinahama, mfupa unaachia, na ule mguu tuliouokoa unakuja kukatwa vilevile, safari hii ukiwa na usaha. Akikatwa mguu, wiki mbili zinatosha, mpaka nyuzi zitolewe, baada ya siku 10 hadi 14. Mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa hiyo aliyepoteza wa nyuma hujifunza mapema kutembea na mitatu. Na kama hakuna hata hizo wiki mbili, daktari hatampasua kabisa. "Sipasui mnyama nikamrudisha mtaroni. Bora alale."

Mmeona, waheshimiwa? Mguu wa Kangomba hauamuliwi na mfupa, unaamuliwa na nyumba. Wiki nane, ana miguu minne. Wiki mbili, mitatu. Hakuna wiki, hakuna Kangomba. Wazee walisema ng'ombe akivunjika guu malishoni hurudi zizini kusaidiwa. Walikuwa wanamzungumzia mnyama mwenye zizi.

Na siku nazo zinakwenda. Mpasuaji ni rafiki wa daktari wetu, anatoka Dar es Salaam, anakuja na vifaa vyake kwa sababu ana harusi ya ndugu hapa Mtwara wikiendi hii (suti ya bwana harusi nimeshona mimi, ndivyo dunia ilivyo ndogo). Jumatatu anaondoka. Njia nyingine ingekuwa kumpeleka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, zaidi ya kilomita 700, na mnitafutie basi litakalompokea mbwa mwenye paja lililovunjika. Daktari anasema mfupa ukikaa sana bila kushikwa huanza kujiunga upande, na kuunyoosha baadaye ni kazi kubwa kuliko ya leo.

Basi nikaanza kutafuta nyumba.

Kwangu haiwezekani, nimalize hilo kwanza kabla hamjaniuliza. Napanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji sita, ua mmoja, choo kimoja, na mwenye nyumba amesema mbwa akiingia mimi nitoke. Ni nyumba yake. Fremu nayo siyo yangu, na nimepewa mpaka mwisho wa wiki. Kwa kweli hata bila kuambiwa nisingeweza kumweka hapa muda mrefu: juu ya meza kuna shela ya bibi harusi, chini ya meza kuna kidonda. Mvua zikianza, maji ya barabara yanaingia mpaka kwenye pedali ya cherehani.

Nilikwenda kwa Hajati wa nyumba ya pili, mwenye ua mkubwa kuliko wote mtaani. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi, maana ninajua nini mbwa anamaanisha kwa mtu mwenye kutunza udhu. Mate yake yakigusa chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na Hajati ana miaka sabini na goti bovu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndani ya ua hapana, na hakuomba radhi kwa hilo, wala sikutaka aombe. Kisha akanikumbusha kisa tulichokisikia sote madrasa, cha aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. "Mimi sitamshika," akasema, "lakini chakula chake kitatoka kwangu." Tangu siku ile kila asubuhi mjukuu analeta sufuria ya uji wa dona na dagaa, anaiweka mlangoni, anakimbia. Sufuria hairudi ndani, imeshakuwa ya Kangomba. Wanaosema watu wa dini ndio wanaokwamisha mambo ya mbwa hapa mjini waje kwanza waione hiyo sufuria.

Mwalimu mmoja mstaafu alikubali, akafurahi kabisa, lakini ana mbwa watatu ambao hawajawahi kuona sindano ya chanjo, na daktari akakataa mwenyewe. Muuza ming'oko, vile viazi vya porini, wa mbele ya fremu yangu alitaka kumchukua shambani kwao, upande wa Nanguruwe, akasema huko mbwa wana heshima. Ni kweli. Mashambani kwetu mbwa ana kazi yake, anafukuza ngedere kwenye mahindi na nguruwe pori kwenye mihogo, na kila mtu anajua ni wa nani. Hiyo ndiyo shida. Siku ya tatu ngedere angepita, na Kangomba na chuma chake angeondoka naye.

Nimeambiwa hapana na watu 11. Nimehesabu kwa sababu ni kawaida yangu kuandika kila kitu kwenye daftari la vipimo. Katika hao 11, waliosema hawapendi mbwa ni wawili tu. Mmoja aliogopa kichaa. Waliobaki waliniuliza swali moja, kila mmoja kwa maneno yake: "Nikimchukua, atakuwa wangu?" Wana maana: akimng'ata mtoto wa jirani nitaitwa mimi? Akifa nitalaumiwa mimi? Wiki nane zikiisha, utakuja kumchukua, au ndiyo nimeshaolewa naye?

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo mnapoingia ninyi.

Kwa sababu nyumba ilipatikana. Mlinzi wa ghala moja la korosho, mzee mtaratibu, ana kibanda cha pili cha zamani, tofali mpaka kiunoni na juu wavu, bati halivuji, mlango unafungwa. Kina sakafu ya saruji ya kuoshwa kwa maji. Daktari alikikagua akasema hata angepewa fedha ajenge asingejenga kizuri zaidi. Mzee mwenyewe yuko pale usiku kucha, na mchana nitakwenda mimi. Akamwomba bosi wake. Bosi hakukataa. Alisema kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angesema: "Lete barua inayoonyesha mbwa ni wa nani na yuko hapa kwa ruhusa ya nani. Nisije nikaulizwa."

Nikaenda kutafuta barua. Ofisi nitaiacha bila jina, maana kijana niliyemkuta alikuwa mpole kuliko nilivyotegemea na sitaki aitwe mbele ya mtu. Alifungua daftari. Safu ya kwanza: jina la mwenye mbwa. Nikasema hana mwenyewe. Akasema basi hawezi kuandikwa. Nikasema niandike mimi kama mlezi wa muda. Akatafuta, akasema safu hiyo haipo. Kisha akaniambia kwa nia njema: "Mama, mimi nakushauri. Ukiandikwa hapa, huyu mbwa ni wako mpaka kiama. Usipoandikwa, ni koko, na koko hana barua."

Nilirudi kwa miguu nikiwaza. Nimekulia kwenye korosho, baba yangu alikuwa mkulima, na tangu msimu wa 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza huku kwetu nimekuwa nikiwasikia wakulima wakiulalamikia na kuusifia, mara nyingine ndani ya sentensi moja. Lakini jambo moja hakuna mkulima wa Mtwara asiyelielewa. Gunia likishapimwa likaingia ghalani, mwenye ghala si mwenye korosho. Anazitunza. Asizile, asiziuze, zisilowe, na zikiharibika kwa uzembe wake anajibu. Karatasi ndiyo inayosema nani mtunzaji, nani mwenye mali, tangu lini. Kutunza na kumiliki ni vitu viwili, na sisi wa kusini tunaishi kwa kuvitenganisha. Mpaka kwenye ndege wa kufuga tunajua: kuku wa jirani akiatamia uani kwako, vifaranga si vyako.

Kwa nini basi kwa mbwa tumeshindwa? Gunia la korosho likiachwa njiani usiku, asubuhi kuna watu watano wanaotaka kuliandikia stakabadhi. Mbwa akiachwa njiani na mguu umevunjika, daftari halina safu.

Ninachoomba ni safu hiyo. Nimejaribu kuiandika mwenyewe, ninyi wenye wanasheria mtainyoosha. Ukurasa mmoja. Juu: maelezo ya mbwa, rangi, jinsia, alama, alipookotwa. Jina la mlezi wa muda na mahali atakapokaa. Jina la daktari anayemtibu. Tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kwa herufi kubwa. Kisha mistari mitatu: kwamba mlezi atamfungia, atamlisha na atatoa taarifa siku hiyo hiyo akimng'ata mtu au akibadilika tabia, kwamba ulezi huu haumfanyi kuwa mwenye mbwa, kwamba muda ukiisha ofisi na mlezi watakaa waamue anakwenda kwa nani. Saini mbili na muhuri. Muhuri ndio hasa. Bosi wa ghala hahitaji fasihi, anahitaji muhuri.

Najua mtasema haipo kwenye kanuni. Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na inakataza kumtesa mnyama. Sheria haiwezi kumkataza mtu kutesa, halafu mtu anayetaka kutibu akose pa kuweka saini. Kama kuna mwanasheria wenu anayeona tofauti, anijibu kwa maandishi, nitabandika jibu lake mlangoni kwangu.

Sasa kuhusu kichaa cha mbwa, kwa sababu yule mmoja aliyeogopa aliogopa kitu cha kweli. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona hakutarajiwi. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu akimbilie chanjo, asiende kwanza kwa mganga. Wengi wetu tunakumbuka kuanzia 2010, mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilipokuwa ndani ya ule mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa, uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates. Watoto walikokota mbwa kwa kamba za katani na vipande vya kanga mpaka kwenye vituo. Tulijifunza hesabu moja: ukichanja mbwa asilimia 70, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Hesabu hiyo inataka mbwa wenye kushikika. Mbwa wa mtaani ndiye asiyeletwa na mtoto kwa kamba. Kangomba ameshikika. Alichanjwa Ijumaa, siku mbili baada ya kugongwa, na kadi yake iko kwenye droo ya vifungo. Daktari anasema mguu ukipona atamfunga kizazi, na hapo mtaa unakuwa umeondokewa na vitoto sita, saba vya kila uzao ambavyo vingekuja kulala kwenye milango ya watu. Mkiniuliza mimi, wiki nane za ulezi ni bei nafuu kuliko njia ya bunduki au sumu, ambayo nimesikia baadhi ya watu wakiipendekeza kwenye vikao. Ukiua mbwa wa eneo, chakula kilichowalisha kinabaki, na wengine wasiochanjwa wanakuja kukila. Unakuwa umemwaga hata chanjo uliyoilipia.

Na kuna jambo lenu wenyewe. Mbwa akimng'ata mtu na bado ni mzima, anatakiwa afungiwe achunguzwe siku 10. Akimaliza siku hizo bila dalili, mtu anapumua. Anafungiwa wapi, asiye na mwenyewe? Mara ya mwisho mtaani kwetu alifungwa kwenye mwembe, kamba ikakatika usiku wa pili, na familia ya mtoto aliyeng'atwa haikujua mpaka leo kama mbwa yule alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo ninaposema banda moja, sisemi la Kangomba peke yake. Kibanda chenye sakafu ya saruji, wavu na komeo, vyumba viwili visivyogusana, kimoja cha wanaochunguzwa na kimoja cha majeruhi. Msiwachanganye, tafadhali. Nimepita Ngongo, Lindi, nikaona mabanda ya mifugo ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yamekaa yakisubiri Agosti. Lindi ni mbali kwa mbwa mwenye paja bovu, sisemi tumpeleke huko. Nasema tu kwamba mabanda tunajua kuyajenga.

Nimeshaambiwa, na mtaniambia tena, kwamba kuna watu hawana matibabu na mimi nahangaika na mbwa. Shemeji yangu aliniambia hivyo akiwa ameshika chupa ya uraka, pombe ya mabibo ya korosho. Siombi hata senti moja ya mfuko wenu. Tumechanga shilingi 312,000: vijana wa bodaboda, wauza samaki, wapakiaji, na bwana harusi mwenyewe, aliyetoa 50,000 akasema ni punguzo la suti limerudi. Kikoba chetu kilikataa, kwa kuwa Kangomba hajawahi kununua hisa, lakini wanakikoba tisa kati ya 15 walinifuata pembeni mmoja mmoja. Hakuna mgonjwa aliyenyang'anywa kitanda, na muhuri wenu hauishi wino kwa kugongwa mara moja.

Wiki nane zikiisha? Mlinzi ameniambia kitu ambacho hajamwambia bosi wake: akimzoea, atamwomba abaki. Ghala linahitaji mbwa. Sitaki kuahidi kwa niaba yake, ndiyo maana nataka tarehe ya mwisho iandikwe, ili siku hiyo aamue akiwa huru. Watu wakijua mlango wa kutokea upo, wanaingia.

Daktari na mgeni wake watakuwa hapa Jumamosi saa mbili asubuhi. Mimi nitafungua saa kumi na mbili, kwa sababu Kangomba hatakiwi kula tangu usiku kabla ya nusu kaputi, na lazima nimuwahi mjukuu wa Hajati na sufuria yake. Karatasi nimeichapisha nakala tatu, ziko kwenye droo pamoja na kadi ya chanjo. Akija mtu na muhuri kabla ya saa mbili, Kangomba tutampasua kwa ajili ya chuma na tutambeba moja kwa moja kwenda kwenye kibanda cha ghala. Ubao upo, vijana wapo. Asipokuja mtu, nimemwomba mwenye fremu aniongezee wiki mbili, na amekubali kwa shingo upande. Maana yake mguu utakatwa.

Akija mmoja wenu, apige hodi taratibu na aingie upande wa kushoto wa meza. Upande wa kulia ndiko ulipo mguu.

Wenu,
Fundi cherehani, barabara ya maghala, Mtwara.

Nakala:
Daktari wa mifugo, kwa taarifa.
Bosi wa ghala, avute subira mpaka Jumamosi.
Hajati, asomewe kwa sauti.
Mwenye fremu, kwa shukrani.
Droo ya vifungo, kwa kumbukumbu.